Mwenyekiti Aliyeongoza kwa Kalsiamu

Kang', kang', kang'.

Hivyo ndivyo alivyobisha hodi. Watu wengine hutumia kiganja. Yeye alitoa rundo la funguo mfukoni mwa sweta akaligonga kwenye geti letu la chuma, akangoja kidogo, kisha akagonga tena kwa hasira zaidi, kana kwamba geti ndilo lililomkosea adabu. Mpaka leo fundi akigonga bati mtaa wa pili, mgongo wangu hunyooka wenyewe na mikono yangu huanza kutafuta kitu cha kupangusa. Mama akiisikia alizima redio. Hata mbwa wa ploti yetu ya wapangaji, ambaye hubwekea watoto wa shule na mtu wa stima bila ubaguzi, alikuwa akiingia chini ya tangi la maji akanyamaza.

Zile funguo zilikuwa nyingi kuliko milango aliyokuwa nayo. Nyingine zilikuwa za makabati ya ofisi ya kaunsili alikostaafu zamani, na nimeambiwa makabati yenyewe yaliuzwa kama vyuma chakavu. Aliendelea kuzibeba hivyo hivyo. Mtu aliyezoea kuwafungia wenzake faili hawezi kukubali kirahisi kwamba hakuna faili tena.

Sisi sote tulimwita Mwenyekiti. Aliongoza chama cha akina mama wa upande wetu wa Donholm tangu sijazaliwa. Siku ya uchaguzi ikifika, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza kama kuna mtu mwenye wazo lingine, huku akiangalia dari. Hakuna aliyewahi kuwa na wazo lingine.

Mimi si mtu wa dharau. Wanaonijua wanasema naweza kuchekeshwa hata na mende. Lakini kwa huyu mama nilijifunza dharau taratibu, kama mtu anavyojifunza kusuka, na nikaijua vizuri.

Kwanza kile kigoda chake. Popote alipoalikwa alikwenda na kigoda chake mwenyewe, kirefu, cha mti mzito, kwa sababu viti vya watu eti ni vya kulala. Ukweli ni kwamba kigoda kile kilimwinua juu ya kila mtu sebuleni. Ukimpa chai, aliinua kikombe mpaka usawa wa macho akauliza kama hii ni chai ama ni maji yaliyopita karibu na majani. Watu wa mtaa wa Fedha aliwaita watu wa sofa za kukodi. Wafanyabiashara wa Eastleigh alisema wanakuuzia pazia, ukifika nyumbani ni neti. Na bado mapazia yake yote yalitoka Eastleigh, na kila Desemba alikwenda kutafuta mengine, akabishana, akanunua, akarudi akiwatukana.

Pili, alama. Huo kwake ulikuwa ugonjwa. Mtoto akimwamkia, yeye aliuliza, umepata ngapi? Mhubiri alipewa alama mlangoni mwa kanisa, na sikuwahi kusikia akivuka sita. Hata matanga hayakupona. Tuliwahi kutoka kwenye mazishi ya jirani, watu wamevimba macho, yeye akasema kifungua mimba alisoma wasifu vizuri ila yule wa pili alikimbiakimbia. Matokeo ya mitihani ya watoto wa mtaa mzima alikuwa nayo kichwani na hakusahau hata moja. Kuna baba mzima, ana mke na watoto na duka la vipuri, lakini kwa Mwenyekiti jina lake ni yule wa C.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, funguo ziligonga kabla sijamaliza kulia. Aliingia, akaketi kigodani, akanyoosha mkono apewe simu aone mwenyewe. Nilikuwa nimepata D yenye jumlisha.

"Jumlisha ya nini?" akaniuliza. "Ya kukupa pole?"

Tangu siku hiyo likawa jina langu. Mbele ya wageni, mbele ya wavulana niliotaka wanione vizuri, mimi nilikuwa D yenye jumlisha.

Sasa nitawaambia jambo lingine, maana nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Baba yangu alipofariki, Mwenyekiti alifika kabla ya ndugu. Hakulia, wala hakumshika Mama mkono. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akaziosha sufuria zetu zote akisema ni aibu ya ploti, akapika, akasimama mbele ya Mama mpaka sahani ikawa tupu. Alirudi asubuhi iliyofuata, na iliyofuata, akitusimanga vilevile, mpaka asubuhi moja akamkuta Mama amesimama mwenyewe kwenye jiko. Akaonja ule mchuzi. Akasema nne kwa kumi, akachukua funguo zake, akaenda. Hakuja tena kupika. Mama alilia siku hiyo, lakini alilia akitabasamu, na nadhani ndipo alipomkabidhi Mwenyekiti akili yake yote aitunze.

Mume wake alikuwa mtu wa reli. Sikumkuta. Kazi yake ilikuwa kutembea njiani na nyundo ndefu, akigonga chuma na kusikiliza, ili treni isije ikapita mahali palipooza. Picha yake iko ukutani kwa Mwenyekiti, na ile nyundo yenyewe inazuia mlango wa sebule usijifunge. Alianguka akafa getini kwake akiwa na gazeti mkononi, mtu ambaye hakuwahi kulalamika kifua. Kuhusu mume huyu, Mwenyekiti alisema tu kwamba mwandiko wake ulikuwa mbaya.

Basi mimi na D yangu tukapata kazi. Kuna kliniki ya picha hapa kwetu, na mimi huwapokea akina mama wanaokuja kupigwa picha ya matiti. Nawapa gauni, nawaonyesha pa kuweka nguo, nawatania kidogo hofu ipungue, na kila mmoja akitoka naingia kupangusa mashine. Naipenda kazi hiyo vibaya sana. Naota siku moja nitasomea kazi ya dada wa picha, yule anayeendesha mashine. Hata viatu nitakavyovaa siku hiyo nimeshavichagua, vyeupe, vya kufunga.

Mwaka jana mwenye kliniki aliweka programu ya akili mnemba kwenye kompyuta ya picha. Nilimsumbua dada wa picha mpaka akanieleza. Picha ni ileile ya kutafuta saratani, mama habanwi mara ya pili. Ila kompyuta inaitazama tena ikitafuta kitu kingine kabisa, kalsiamu iliyoganda kwenye kuta za mishipa ya damu ya titi. Daktari alikuwa akiiona hiyo mistari zamani, lakini si saratani, na foleni ni ndefu, kwa hiyo aliipita. Kompyuta haichoki. Inaipaka rangi ya njano, inaipima, halafu inaandika neno moja: hakuna, kidogo, wastani, ama nyingi. Mishipa ya titi ikiwa hivyo, huenda na ya moyo imeanza kukakamaa. Si lazima iwe hivyo, lakini inatosha kumfanya mtu aende kupimwa presha, sukari na mafuta ya damu mapema, kabla moyo haujamshtukiza. Na kalsiamu yenyewe haitoki kwenye glasi ya maziwa. Ni dalili ya mishipa kuharibika polepole kwa mambo mengine.

Nilifurahi kama mimi ndiye niliyeiunda. Nikamwimbia Mama, nikawaimbia wanachama, mpaka Mwenyekiti akakubali chama kije. Hakukubali kwa sababu yangu. Alisikia kwamba chama kimoja cha Fedha kimeshakwenda.

Walikuja asubuhi moja, wamevaa kama wanakwenda harusini, Mwenyekiti mbele na kigoda chake. Aliingia chumba cha mashine wa kwanza. Kile kibao wanapolaza titi ni baridi, huo ndio ukweli, na sauti yake tuliisikia mpaka nje.

"Mmenilaza kifua kwenye barafu," alimwambia dada wa picha. "Hata samaki sokoni hutandikiwa gazeti."

Wanawake wote kwenye benchi walicheka wakiziba midomo. Nami nilicheka, nikajichukia.

Kisha daktari akawa anawaita mmoja mmoja kuwapa majibu. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoleta desturi yake. Katika chama chetu jambo la mtu halisemwi pembeni. Ukipata mjukuu, ukifiwa, mwanao akikamatwa, unalisema mbele ya wote, na Mwenyekiti anakwambia lina uzito gani. Kwa hiyo aliweka kigoda karibu kabisa na mlango wa daktari, na kila aliyetoka alimuuliza umepata nini. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba hapa majibu ni siri ya mgonjwa. Akaniambia siri ni za watu wenye dhambi.

Mama Njeri, muuza mayai, mama mpole asiyejua kukataa, alitoka wa kwanza. Saratani hakuna, akasema, na ile ya kompyuta pia hakuna. Mwenyekiti akamtazama kwa huruma. Akatoka Mama yangu. Saratani hakuna, ile nyingine wastani. Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayeona mtoto anajaribu.

Zamu yake ilipofika alinifanya nimbebee kigoda mpaka ndani, kwa hiyo niliyasikia yote. Daktari aligeuza skrini. Pale kwenye weusi wa picha palikuwa na mistari miwili myeupe, inakwenda sambamba, inapinda pamoja, inakwenda tena. Daktari alikuwa mchovu lakini alijitahidi. Akamwambia saratani hakuna, kisha akasema hii unayoiona ni kalsiamu kwenye ukuta wa mshipa, tunasema ni kama reli.

"Reli?" akasema Mwenyekiti, na uso wake ukafunguka. "Mzee wangu alikuwa wa reli."

Daktari akatabasamu, akasema basi utanielewa vizuri, Mama. Kompyuta imesema nyingi. Uende upimwe moyo na presha mapema. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Aliposikia hakuna saratani, na aliposikia nyingi, masikio yake yalifunga ofisi. Akamwambia daktari kwamba kliniki hizi hutumiana watu kama wauza bima, na yeye ameshapimwa hapa, amepita.

Akafungua mlango, akainua kidevu.

"Saratani hakuna. Kalsiamu, nyingi."

Wakampigia makofi. Naapa, walimpigia makofi pale kliniki.

Mkutano uliofuata alitoa hotuba. Wanawake wa umri wetu, alisema, kila siku tunaambiwa mifupa inaisha kwa kukosa kalsiamu, tununue vidonge, tununue unga wa makopo. Mimi nimefanya kazi miaka yote, nimelea, nimezika, na kalsiamu yangu imejaa mifupani mpaka inatafuta pengine pa kukaa. Tena imejipanga kwa reli, kwa heshima ya marehemu. Akawageukia wengine mmoja mmoja. Mama Njeri akaambiwa asikate tamaa, aanze vidonge. Mama yangu akaambiwa wastani si vibaya, mtu anaweza kupanda.

Na Mama akaanza kupanda. Asubuhi kikombe kizima cha mala, yale maziwa ya mgando. Mchana omena, dagaa wa ziwani, atafune mpaka kichwa. Jioni maziwa tena. Mimi nikiketi naye kumweleza kwamba hiyo si alama ya mtihani, kwamba maziwa hayahusiki, kwamba alichoambiwa na daktari ni aende akapimwe, ananisikiliza kwa upendo kama anavyosikiliza mtoto akimsimulia ndoto. Mwishowe aliniambia neno ambalo sikulisahau. Wewe, mwanangu, unapangusa mashine. Mwenyekiti alikuwa ofisini.

Dada wa picha alimpigia Mama simu kwa niaba yangu. Mama akajibu ndiyo, ndiyo, asante sana, Mungu akubariki, akakata, akaenda kununua mala.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kumwona kwenye ngazi. Tunakaa juu, na maji tunayateka chini kwenye tangi. Zamani Mama alipanda na mtungi akiimba. Sasa alifika katikati, akatua mtungi, akainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vya Mama havina kamba. Alikuwa anainama pale akishika ncha ya kiatu, anavuta pumzi, halafu anainuka akiniambia jua leo ni kali. Kichwa kilimuuma kila jioni. Nami nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, nikimtazama, nikijua kabisa kinachopaswa kufanywa, na kati yangu na mama yangu amekaa mtu juu ya kigoda.

Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Nilimdharau anavyokunja midomo kabla ya chai. Nililidharau sweta lake. Akipita chini ya dirisha letu nilikuwa namsemea moyoni, nenda, mwalimu mkuu wa shule isiyo na darasa. Kazini nilipomwona mama yeyote akitoka kwa daktari na kutaka kwenda zake haraka, nilimfuata mpaka kwenye veranda nikamuuliza kama ameelewa, na wengi hawakuwa wameelewa, lakini angalau wao walirudi kuuliza.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja kliniki ilinituma Fedha kupeleka diski ya picha kwenye kliniki nyingine, inayoshughulika na presha na moyo. Nikaikabidhi kaunta. Nilipogeuka kuondoka nikaona mama ameketi mwisho wa benchi, leso imemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi kama mtu aliyenyeshewa. Benchi lenyewe lilikuwa fupi, la watu wote, magoti yake yamepanda juu. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa kile alichoshika. Rundo la funguo, limefungwa ndani ya kitambaa cha mkononi, likazungushiwa mpira, ili lisilie.

Nikamsalimu, habari yako, Mama Mwenyekiti.

"Punguza sauti," akasema.

Aliniuliza nafanya nini huku. Nikasema nimeleta kazi. Akasema umeshaileta, basi nenda. Sikwenda. Niliketi kando yake, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mabega yetu kuwa sawa.

Alisimulia akitazama ukuta. Alikuwa amekwenda Eastleigh kutafuta mapazia. Duka liko ghorofani. Kwenye ngazi kifua kikambana kama mtu aliyewekewa gunia, miguu ikamwisha, akaketi juu ya robota la nguo la mtu. Mwenye duka, mmoja wa wale wale aliowatukana miaka yote, akamletea maji na feni, wala hakumuuzia kitu. Kesho yake akaja hapa, ambapo hakuna anayemjua. Wakampima. Wakamuuliza kama ana picha za nyuma, akawaambia neno la kompyuta, na daktari wa hapa akamweleza tena lile alilokatiza kule kwetu. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe ile si alama, aliniambia. Wangesema tu kwamba ni mbaya.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Tangu kabla ya Pasaka, akasema.

Tulikuwa tumeshapita Pasaka mbali. Nikaikalia mikono yangu.

"Mama yangu bado anajitahidi afike ulipofika," nilimwambia. "Anakunywa mala kila asubuhi. Kwenye ngazi anainama kufunga viatu visivyo na kamba. Na wewe uko hapa, unapewa dawa."

Alizishika funguo kwa mikono miwili. Niliendelea, maana nisingeweza kunyamaza tena. Nilimwambia mimi siwezi kumwambia Mama kwamba nimekuona hapa. Mambo ya mgonjwa hayatoki mdomoni mwangu, hata kama ni wewe. Lakini Mama hamsikilizi daktari, hamsikilizi dada wa picha, mimi ndiyo kabisa. Anakusikiliza wewe.

"Nitawaambia nini?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo, sikuijua. "Kwamba nimeongoza darasa la wagonjwa?"

"Hivyo hivyo."

"Watacheka."

"Wacheke, Mama. Wakiwa hai."

Aliukaza mpira kwenye kile kitambaa. Kisha akasema, si kwangu hasa, kwamba mzee wake alitembea na nyundo miaka yote akigonga reli za watu, na ya kwake hakuna aliyeigonga. Muuguzi akatokea mlangoni akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina zuri tu, la msichana. Mwenyekiti akainuka taratibu akishika ukuta. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na usinifundishe kazi, D yenye jumlisha."

Nilirudi Donholm nikiwa nimekasirika hivi kwamba nilipita kituo changu. Siku nzima nilijiambia huyu hatasema kitu. Atameza vidonge vyake Fedha, atapona kimyakimya, na siku Mama akianguka kwenye ngazi atakuja kuosha sufuria zetu.

Jumapili baada ya kanisa chama kilikuwa kwetu. Wote wameshafika, chai imeshamiminwa. Nilikuwa nimeanza kudhani hatakuja.

Kang', kang', kang'.

Aliingia na kigoda, akaketi, akainua kikombe, akakitazama, akakiweka chini bila kusema kitu. Hiyo peke yake iliwanyamazisha. Akasema amefikiri kama kiongozi. Akasema reli, hata ikiwa mpya, hata ikiwa ya nani, hukaguliwa. Kwa hiyo kila aliyeambiwa kidogo, wastani ama nyingi, kesho asubuhi aende akapimwe presha na moyo, na arudi hapa aseme amekwenda. Madaktari walieleza vibaya, na yeye atawasema kwa hilo. Vidonge vya Mama Njeri visimame. Alama zote zimefutwa.

Nikawaza, haya, amepita tena juu ya kila mtu, hata safari hii. Lakini Mama Njeri, yule asiyejua kukataa, aliyetazamwa kwa huruma miezi yote hiyo, akatua kikombe chake. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, kwamba ikiwa ni hivyo, aliyeongoza alikuwa nani.

Mwenyekiti akaangalia dari. Aliiangalia sana. Hakuna aliyekuwa na wazo lingine.

"Uliongoza wewe," akasema. "Mimi nilikuwa wa mwisho."

Hakuna aliyecheka. Mama yangu alikuwa ameshika kikombe cha mala, nikamwona akikitazama, kisha akakisukuma polepole mpaka katikati ya meza, mbali na mkono wake. Mwenyekiti naye akachukua chai yake, akaonja, akauliza hii imepikwa na nani, maana kama ni D yenye jumlisha basi ameteremka.

Mama alikwenda kesho yake. Presha ilikuwa juu hivi kwamba muuguzi hakumruhusu kuondoka mpaka jioni. Akapewa dawa na siku ya kurudi, na alirudi, na anaendelea kurudi. Sasa kwenye ngazi anasimama waziwazi, anashika ukuta, anapumua, anapanda. Hainami tena. Maji nateka mimi.

Msidhani nimebadilika. Mwenyekiti hakusema kamwe mbele ya chama kwamba alishakwenda Fedha. Nimesikia anawaambia watu wa kule kwamba ukaguzi wa reli ni mpango alioubuni yeye, na kwamba kompyuta ilimfuata. Bado ananipigia geti kwa funguo kana kwamba geti ni lake. Bado namdharau, na nadhani tutazikana hivyo.

Mwaka umezunguka, na leo chama kimerudi kupigwa picha. Aliamuru awe wa kwanza, aone kama ile kompyuta itathubutu kurudia. Nilifika mapema kufungua. Dada wa picha alikuwa bado anabadilisha nguo nyuma, daktari hajafika. Nilikuwa chumba cha mashine peke yangu nikipangusa, nikasikia chuma kikigonga kioo cha mlango wa mbele, nikasikia pia kwamba mgongo wangu umenyooka.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha, kibao kilikuwa safi. Nikavua glavu. Nikaweka viganja vyangu viwili juu ya kile kibao, nikavikandamiza pale huku funguo zikilia, mpaka baridi yote ikahamia mikononi mwangu. Nikakipangusa tena haraka, nikaenda kumfungulia.